Baba Alishindwa Swali la Nyumbani

Shangazi Vumilia mpendwa, shikamoo. Najua barua zinazokufikia ni nyingi na kila mtu analia lake, lakini hii yangu nakuomba uiwahi, kwa sababu Jumamosi kijana wa simu anarudi kutoka Geita mjini na nimeshamwahidi kumpa simu yangu aiflashi, yaani aifute yote ianze upya, na mpaka sasa sijui kama nitakuwa nimefanya jambo la akili au nitakuwa nimejimaliza mwenyewe.

Naitwa Salome, nauza dagaa na samaki wakavu wa Chato hapa sokoni Nyarugusu, na nina mtoto mmoja tu wa kike ambaye sasa yuko darasa la tano. Baba yake anaitwa Maduhu na ni mchimbaji, aliondoka mtoto akiwa na miaka miwili, na naomba uelewe, Shangazi, mimi sikuachwa, hatukugombana hata kidogo, siku ile alikunywa uji wake vizuri akaniambia kuna rashi mpya imetokea porini huko mbali, maduara ya dhahabu yanatema, watu wote wanakimbilia huko, na yeye anaenda kujaribu bahati kwa wiki mbili tu arudi, akavaa mabuti mapya akaniachia yale ya zamani mlangoni, na yale mabuti yapo mpaka leo, nimeyafagilia pembeni lakini kuyatupa siwezi.

Mwanzoni alikuwa anapiga simu, baadaye akawa anapiga mara moja moja, halafu namba yake ikawa haipatikani kabisa. Wachimbaji wanaopita sokoni kila mmoja ana lake, huyu anasema alimwona Chunya amenenepa, yule anasema alivuka mpaka akaenda Msumbiji, na mwingine akanitazama kwa huruma akasema shemeji, wewe olewa tu. Nitaolewaje, Shangazi, wakati kila nikisikia bodaboda inapunguza mwendo karibu na nyumba yangu nasimama?

Sasa sikiliza jinsi nilivyo mjinga. Laini yangu ya simu sijawahi kuibadilisha, kwa sababu ndiyo namba pekee ambayo Maduhu anaijua kwa kichwa. Niliwahi kuibiwa simu, nikaenda kuirudisha ile laini kabla sijawa hata na simu ya kuiweka. Namba ngeni ikipiga napokea popote, hata kanisani nimewahi kupokea padri akiwa anahubiri, watu wakageuka. Zile meseji za matapeli, zile za kusema ile hela itume kwenye namba hii, wenzangu wanazifuta, mimi nazisoma mpaka mwisho, na kuna siku nilimjibu mmoja, nikamwandikia, Maduhu ni wewe? Na kweli akajibu ni yeye. Akasema kaangukiwa na kifusi, yuko hospitali, nimtumie chochote nilicho nacho, nikatuma, na baada ya hapo hakupatikana tena. Nililia siku nzima na mtoto akaniona.

Huyu mtoto shuleni anaitwa Rhoda, ndilo jina la ubatizo, lakini nyumbani tunamwita Mbuke. Hapa kuna jambo lazima nikueleze la sivyo hutanielewa. Alipozaliwa mvua ilikuwa inanyesha, baba yake akamwita Kabula kama tunavyofanya sisi Wasukuma. Maduhu alipokwisha kuondoka mtoto akaumwa sana, degedege juu ya degedege, hospitali tulikwenda na dawa tukapewa, lakini mama mkwe wangu kule Masumbwe akasema mizimu inataka jina, kuna bibi wa ukoo anaitwa Mbuke hajapata wa kumrithi, basi akafanya mambo yao ya kimila, mtoto akapewa jina la Mbuke na akapona. Tukaambiwa lile la kwanza lisitajwe tena masikioni mwake, na sisi hatukulitaja, mtoto amekua hajui kabisa kwamba aliwahi kuitwa Kabula.

Basi shule yao ikaletewa kompyuta, na mwalimu wao anaitwa Cornel, kijana mpole tu, akaanza kuwafundisha, na si kuwasha na kuzima peke yake, anawafundisha pia kujilinda, kwamba usimpe mtu neno lako la siri, usimtumie picha mtu usiyemjua, na akikupigia mtu usiyemjua usimwambie jina lako wala unaishi wapi wala wazazi wako ni nani. Mimi hapo nilicheka, nikasema huyu mwalimu atatuharibia watoto, kwa sababu sisi mtoto akikutana na mtu mzima njiani akamwamkia, yule mzee lazima amuulize ng'wana nani wewe, mtoto wa nani, na mtoto asiyeweza kujibu anaonekana hakufunzwa. Mbuke akaniambia, mama, njiani nitajibu kwa sababu namwona, kwenye simu simwoni.

Na ni yeye Mbuke aliyemuuliza mwalimu darasani, je, mtu akisema yeye ni ndugu yako utajuaje? Mwalimu Cornel akawaambia muulizeni swali la nyumbani, yaani kitu ambacho watu wa nyumbani kwenu tu ndio wanakijua, akishindwa kata simu, mzuie, mwambie mzazi. Watoto wakalipenda hilo, wakawa wanaulizana njia nzima, swali la nyumbani, swali la nyumbani, mpaka kwetu likawa mchezo.

Sasa wiki iliyopita mimi niko sokoni na kisimu changu kitochi cha biashara, ile simu kubwa yenye laini yangu ya siku zote nimeiacha nyumbani kwa kuogopa wezi, Mbuke ametoka shule anafanya mazoezi yake humo. Narudi jioni namkuta anacheka, ananiambia mama, leo nimemkamata tapeli! Nikamuuliza tapeli gani tena. Akasema kapiga mwanaume, kuna kelele nyuma yake kama karasha inasaga mawe, akauliza ng'wana nani wewe, mimi nikamwambia anza wewe kusema. Akasema mimi ni baba yako. Nikamwambia kama wewe ni baba yangu, swali la nyumbani, hapa nyumbani naitwa nani? Akasema, Kabula. Mama, kasema Kabula! Nikamwambia hapa hakuna Kabula, umeshindwa, nikakata, nikambloki, na kumbukumbu ya kupigiwa nikaifuta yote ili asikulize tena kama yule wa kwanza.

Beseni la samaki lilinidondoka. Shangazi, jina la Kabula tapeli atalitoa wapi?

Nikampiga kofi. Nilimpiga mtoto wangu kofi nikamwambia umemfukuza baba yako, na tangu siku hiyo nyumba yangu imekuwa kama ya msiba. Simu hataki kuigusa, akiisikia inalia anatoka nje. Shuleni ikifika zamu yao ya kompyuta anasema tumbo linamuuma, mwalimu ameniita mara mbili sijaenda, kwa sababu nikienda nitamtukana, yeye ndiye aliyemfundisha. Jana tukiwa tunachambua dagaa akaniuliza, mama, Kabula ni nani? Nikamwambia nyamaza fanya kazi.

Kijana wa simu anasema namba iliyofutwa hairudi, labda aiflashi simu ndipo wale wote waliofungiwa watafunguka na Maduhu akipiga tena ataingia. Kaka yangu Adam anasema nisijisumbue, tapeli ni tapeli, na huyo mtoto apewe zawadi. Mimi sitaki zawadi wala sitaki kuambiwa niolewe, nataka ile simu ilie tena. Je, nimpe yule kijana simu? Je, mtoto nimtoe kwenye hayo masomo ya kompyuta? Na nitampataje mume wangu ambaye alijibu sawasawa halafu akaambiwa kakosa? Nisaidie, maana usiku na mchana naisikia ile sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia.

Mama Mbuke, Nyarugusu

SHANGAZI VUMILIA ANAJIBU

Marahaba, Mama Mbuke. Gazeti linatoka Alhamisi na barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote ili uwahi Jumamosi, kwa hiyo soma hili kwanza kabla hujakaa chini: simu usimpe! Mwambie huyo kijana ahsante, aendelee na za wengine.

Kumbloki mtu si kumzika. Mwanao alifuta kumbukumbu ya kupigiwa, lakini namba aliyoizuia simu haijaisahau, imeiweka pembeni kwenye mipangilio, mahali pa namba zilizozuiwa, na itakaa hapo mpaka mtu aitoe. Ukiiflashi simu, na hizo zilizozuiwa zinafutika, ndipo utakapokuwa umempoteza kwa mkono wako mwenyewe, na hapo hutakuwa na mtoto wa kumpiga kofi. Umekwenda kwa kijana wa simu, umekwenda kwa kaka yako, umefika mpaka kwangu huku mjini, na aliyeifungia hiyo namba unalala naye chumba kimoja. Hukumuuliza. Loo!

La pili, na hapa nakugombeza kama mwanangu. Umeniandikia jina la mumeo, la mtoto la shuleni, la nyumbani, mpaka lile la siri, ukaweka na kijiji, ukapeleka gazetini! Tapeli anayesoma ukurasa huu angekuwa ameshapata swali lako na jibu lake kwa bei ya gazeti moja. Wasomaji wangu, majina yote mnayoyaona hapa nimeyageuza, la mume, la mtoto, hata hilo la Kabula silo, na kijiji nacho sicho. Mwenyewe anajijua. Ungekuwa darasani kwa huyo mwalimu wake, Mama Mbuke, ungesimamishwa mbele, na mwanao ndiye angekusahihisha.

Sasa tuje kwenye hilo kofi. Nisome vizuri maana wewe ulisimulia mwenyewe lakini naona hukujisikiliza. Mtoto alikuona unalia siku nzima kwa ajili ya mtu wa kwenye simu. Akaenda shule akauliza, mtu akisema ni ndugu yako utajuaje? Unadhani aliuliza kwa ajili ya nani? Swali la nyumbani lilitafutwa kwa ajili yako, dada. Akasimama mlangoni kwako kwa akili yake ndogo, akamzuia mtu asikulize, akaja kukwambia anacheka, na wewe ukamlipa kofi. Hata watu wazima wengi wangeshindwa pale alipoweza yeye, na usinipe habari za mchelea mwana kulia, hapo haiingii.

Mwalimu Cornel usimtukane. Mwambie ahsante, na ukimaliza kumshukuru mwambie na hili, awaongezee watoto neno moja: ukishamzuia mtu, usifute chochote mpaka mzazi au mwalimu aone. Hilo tu ndilo lililopungua. Mtoto kumtoa kwenye masomo ndiyo usithubutu. Hapo machimboni kwenu simu zinaingia kila nyumba na watoto wanazishika wakiwa hawajui kufunga kamba za viatu, bora yule aliyefundwa kuliko yule atakayejifunzia mtaani. Siku ya zamu yao mpeleke mwenyewe, ingia naye mpaka mlangoni mwa hicho chumba, wenzake waone.

Haya, Maduhu. Unasema alijibu sawasawa akaambiwa kakosa. Nakuelewa, na nilipofika hapo kwenye barua yako niliweka miwani chini. Mwanaume yuko mbali, karasha inasaga, anaulizwa mtoto wake anaitwa nani, anatoa jina alilompa mwenyewe siku ya mvua, anaambiwa hapa hakuna mtu kama huyo. Inauma. Lakini mtoto naye hakusema uongo. Kweli Kabula hayupo. Aliugua, akapona akiwa Mbuke, akaanza shule, akajua kusoma, akafika darasa la tano, na baba hakuwepo. Swali halikuwa baya na mtoto hakulikosea, ila baba anamjua mtoto wa miaka miwili, na aliyepokea simu ni mwingine.

Wala usinielewe kwamba namtetea. Laini yako ilikuwa wazi miaka yote hii, umeilinda kuliko mboni ya jicho, namba anaijua kwa kichwa, na hakupiga. Inawezekana alikuwa na sababu, alikuwa gerezani, alikuwa mgonjwa, aliona aibu kurudi mikono mitupu kama wanavyoona wachimbaji wengi. Inawezekana pia ana nyumba nyingine. Mimi sijui na wewe hujui. Na inawezekana, samahani kwa kukwambia, kwamba si yeye, ni mtu aliyechimba naye akasikia habari za Kabula wakiwa wamepumzika nje ya duara. Hamu si ushahidi, Mama Mbuke. Hamu ndiyo iliyokufanya uandike Maduhu ni wewe, na tapeli akaitika.

Kwa hiyo utafanya hivi. Leo usiguse simu. Leo kaa na mwanao, umwombe msamaha, na usimung'unye maneno, mwambie nilikukosea kukupiga. Halafu amekuuliza Kabula ni nani, na atauliza tena mpaka siku atakapojibiwa na mtu asiyefaa. Mila za watu naziheshimu, basi nenda naye Masumbwe kwa bibi yake, mwambie bibi jina limeshatajwa kwenye simu na limeshasikika, afanye analojua kulifanya, lakini mtoto aambiwe. Ni mama yake yule mwanaume, na yeye naye anangoja simu. Hajakwambia tu.

Mkirudi, mpe Mbuke simu mkononi. Yeye ndiye anajua aliiweka wapi hiyo namba, akuoneshe, muiandike pembeni, na kuifungua aifungue yeye kwa kidole chake kama ameridhia. Asiporidhia siku hiyo, ngoja. Umengoja miaka, utashindwa kungoja mtoto apoe?

Ukiipiga hiyo namba, kaka yako Adam awe amekaa karibu, maana yeye hana hamu na masikio yake yatasikia vizuri. Huyo atakayepokea muulize jambo lako wewe na mumeo ambalo mwanaume hawezi kumsimulia mwenzake machimboni, na jambo hilo usiniandikie mimi! Akikwambia tuma chochote, kata. Akikwambia mfuate porini, kataa, njia anaijua, na mabuti yake yako mlangoni, aje ayafuate mwenyewe. Na akiwa si yeye, utalia, nami sitakudanganya kwamba hutalia, lakini baada ya hapo hayo mabuti uyatoe nje.

Na akiwa ndiye, usikimbilie kusema naye mambo yako yote. Mpe mtoto simu kwanza. Mwache amuulize tena swali lake la nyumbani, na baba akisema Kabula, asikate. Amwambie tu, "Zamani nilikuwa naitwa hivyo. Siku hizi naitwa Mbuke."